Ua Lililohudhuria Harusi Zote

Jumamosi iliyopita binti yangu aliniita kutoka sebuleni: "Mama, njoo uone, ua lako limeota pamba!" Nilikuwa jikoni nakata sabuni ya mche nipate kipande cha kufulia sare zake mpya, mikono yote inanuka sabuni. Nikaduwaa na kisu mkononi. Ile harufu na lile neno havikuwa vimekutana karibu yangu kwa miaka mingi, na vilipokutana vilinirudisha kijijini kwetu Mugoma, kwenye sebule ya mama, nikiwa mtoto wa kupiga magoti sakafuni mbele ya ndoo ya ua. Pamba ile mimi naijua. Niliwahi kupigana nayo vita, tena vita ya kweli, na hakuna mtu mzima aliyejua kwamba napigana.

Wenzangu wa rika langu mtazikumbuka sebule zetu. Makochi ya mbao yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani, redio iliyofunikwa kitambaa chake kana kwamba itashikwa na mafua, na pembeni ya dirisha, ua. Kwetu lilikuwa mpira, ule wenye majani mapana, mazito, ya kijani kilichokolea, ambao ukivunja kitawi unatoa utomvu mweupe. Liliishi ndani ya ndoo ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari. Mama alilipata kwa mama mmoja kule Kabanga alipokuwa akifanyia biashara yake ya maharage, akalibeba mapajani ndani ya basi. Alilipenda kwa namna ambayo baba aliiona ni uchokozi. "Mimi sijawahi kubebwa mapajani," alikuwa akisema.

Jina lake lilikuwa Bibi Arusi. Hakuna aliyekaa akalitungia jina hilo, lilitokana na kazi yake. Siku zile kwetu hakukuwa na watu wa kukodisha mapambo. Harusi ikikaribia, kamati ilipita nyumba kwa nyumba kuazima: viti kwa mwalimu, turubai parokiani, masufuria kwa akina mama wa jumuiya, na ua kwetu. Ijumaa jioni walikuja vijana na toroli la mbao, mama anawasindikiza hadi barabarani akiwaonya kama anakabidhi mtoto. "Msiliweke juani. Msilimwagie soda. Na mnirudishie mwenyewe, msinirudishie ndoo." Jumatatu linarudi, limechoka, lina vumbi la ngoma za watu, na kwenye majani kumebaki vipande vya pamba. Maana mapambo ya harusi zetu ndiyo yalikuwa hayo: karatasi laini za rangi ya waridi zilizosokotwa kama kamba, na pamba ya dukani iliyochambuliwa vidonge vidonge na kugandishwa kwenye majani kwa uji mzito wa muhogo. Likipambwa hivyo, weee, ungedhani ni ua la mbinguni.

Sasa nimtaje dada yangu. Verdiana, tulimwita Vere. Alikuwa wa kwanza na mimi wa mwisho, na katikati yetu kulikuwa na wavulana ambao hawakuwa na msaada wowote. Mama alidamka kabla ya jogoo kuwahi basi la Kabanga, kwa hiyo aliyeniogesha ni Vere, aliyenisuka ni Vere, aliyenifundisha Baba Yetu na herufi ni Vere. Nililala kitanda kimoja naye, nimeupachika mguu wangu juu yake ili akiamka nijue. Sikuwahi kufikiri kwamba Vere ni mtu anayeweza kuondoka. Nilimwona kama sehemu ya nyumba.

Kisha akaolewa Domitila, binti wa jirani zetu wa upande wa chini, rafiki yake Vere wa kuchota naye maji. Bibi Arusi likaenda harusini kwake, likapambwa pamba, likarudi. Domitila hakurudi. Mimi nilitegemea Jumatatu ile warudi pamoja, na nilipouliza, Vere akacheka akasema, "Ameshapelekwa kwake, mjinga wewe." Nikaenda kulitazama ua. Lenyewe lilikuwa limerudi na pamba, na mwenye pamba hakurudi. Nililihifadhi hilo kichwani.

Baadaye kidogo, baada ya pamba ile ya dukani kuanguka yote na kufagiliwa, nikaona nyingine. Hii ilikuwa ndogo ndogo, imejificha pale kikonyo cha jani kinapokutana na shina, mahali ambapo hakuna mpambaji angehangaika kuweka. Nikashangaa kwamba pamba inaweza kumea yenyewe. Na wiki ile ile, bila mtu kuniandaa, wakaja wageni kutoka Biharamulo, kijiji cha Runazi. Wanaume wazima waliovaa makoti, wamekuja na mtungi wa pombe ya ndizi na mirija yake. Wakakaa sebuleni hasa pembeni ya ua, wakavuta pombe taratibu na baba, wakazungumza habari za ng'ombe na mvua kwa muda mrefu mno. Nilitumwa kupeleka karanga. Nikawasalimia, "Shikamooni," wakaitikia, "Marahaba, mtoto mzuri," na mmoja wao akaniambia, "Dada yako tutakuja kumchukua, eh? Utamruhusu?" Watu wazima wakacheka. Mimi nikayaangalia majani. Yesu na Maria! Ilikuwa pale, nyeupe, nyuma ya bega la yule mzee.

Hapo nikajua. Naandika nikijicheka, lakini siku ile sikucheka: niliamini kwamba pamba ile ndiyo inayowaita watu waje kuchukua mabinti. Ilimea kwenye ua, wageni wakafuata. Ilikuwa wazi kabisa, na nilishangaa kwamba baba, mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, hakuiona. Kwa hiyo dawa nayo ilikuwa wazi. Pamba ikiisha, Runazi watasahau njia.

Nikaanza kuifuta kwa kidole, mchana, Vere akiwa kisimani. Kidonge cha kwanza kilipasuka, kikaacha maji ya rangi ya machungwa kwenye kidole changu. Nikaruka. Cha pili, kabla sijakigusa, kikatembea. Nasema kweli, kilitembea, polepole, kikipandisha shina kama mzee anayekwenda misa. Nikaketi chini. Kumbe harusi ina miguu! Na tazama, sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka ukutani hadi juu ya ua, wanapanda na kushuka kwa heshima, na mimi nikasema hao sasa ndio wapambe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka. Lakini nilikuwa nampenda dada yangu, nikaendelea kufuta.

Vere alinikuta hapo, nimeingia nyuma ya ndoo, kidole changu kimechafuka. Nilidhani atanichapa. Badala yake akapiga makofi. "Kumbe umewaona! Na mimi nilikuwa nashangaa majani yananata nini." Akainama, akageuza jani, akanionyesha. "Hawa ni vidung'ata. Ndugu zao ndio wanaomaliza mihogo ya baba. Wanafyonza maji ya jani mpaka linakuwa njano. Ule utando mweupe ni blanketi lao tu. Na hawa sisimizi wanawalinda, maana wanakunywa ule utamu wanaotoa." Alikuwa amefundishwa shuleni, somo la kilimo, na aliongea kama mwalimu, mkono kiunoni. Mimi nilisikia yote na sikubadilisha imani yangu hata kidogo. Nilijumlisha tu. Kwamba wana jina, wanafyonza na wana walinzi, yote hayo yalionyesha jinsi harusi ilivyo hatari.

"Tuwaondoe wote," nikasema.

"Wote," akasema Vere. "Asibaki hata mmoja. Hili ua nalitaka litakate kabisa kabla ya siku hiyo."

Nilimkumbatia kiuno mpaka akasema nitamwangusha. Kumbe naye hataki kwenda! Anajua siri, na tuko upande mmoja. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Tangu hapo kila Jumamosi jioni, baada ya kufua, tulikaa sakafuni na Bibi Arusi katikati yetu. Vere alikuwa na utaratibu. Kwanza alilitenga na maua mengine ya mama, akalitoa karibu na yale ya makopo ya barazani ili ugonjwa usihame. Ndoo akaisimamisha juu ya matofali ndani ya karai la maji, na hapo sisimizi wakafika ukingoni, wakasita, wakarudi walikotoka. Kisha akapara sabuni ya mche kwenye maji ya uvuguvugu, akachana kipande cha kanga kuukuu, akanigawia nusu. Juu ya jani, chini ya jani, halafu kikonyo. "Chini, Koleta, chini! Juu wanafuta wavivu." Kwenye viungo ambako kitambaa hakifiki alitumia njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba na kuchovywa gongo, tuliyoiomba kwa mama mmoja jirani ambaye wote tulijifanya hatujui anaipika. Ukimgusa kidung'ata kwa gongo, blanketi lake linayeyuka anabaki uchi, wa rangi ya kahawia. Baba alipita, akanusa. "Mnalewesha wadudu na mimi nipo hapa?" Mwisho tulisuuza majani kwa maji safi, ili sabuni isiyaunguze.

Hilo la kuunguza tulilijua kwa sababu ya mama. Siku moja, kwa haraka zake, alichota sabuni ya unga akalimwagia ua lote, akaliacha barazani juani akakimbilia basi. Jioni kingo za majani zilikuwa zimekauka kama zimepitishwa motoni. Mama alirudi, akaliona, akakaa juu ya gunia lake la maharage bila kuvua viatu. "Mwanangu wa kwanza anaondoka," alisema, "na ua limekwenda harusi za watu wote, ifike ya kwetu ndiyo life?" Alilia kidogo, akafuta kwa ncha ya kitenge. Vere akamwambia, "Halifi, mama. Tutalitibu." Mimi nilimwonea mama huruma, lakini nilijiambia kwamba yeye hajui mambo, na siku atakapojua kwamba Vere habanduki atashukuru.

Walirudi, wale vidung'ata. Unafuta leo, unasema wameisha, Jumamosi ijayo mayai yameanguliwa, kuna punje mpya kama unga uliomwagika. Vere hakuchoka. Alinifundisha hata wengine, akinizungusha kwenye makopo ya mama: vidukari wa kijani waliojazana kwenye vichipukizi, hao ukiwamwagia maji kwa nguvu wanaanguka, na utitiri, ambao huwaoni, unaona tu utando mwembamba nyuma ya jani wakati wa kiangazi na madoa madoa kama jani limechomwa sindano. Nilijifunza kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa darasa hakuwahi kuiona. Na jioni zile zilikuwa tamu jamani. Mwanga wa dirishani, maji ya sabuni, bega la dada yangu limegusana na langu, naye anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili. Wakati mwingine alinyamaza akatazama mbali akatabasamu. Mimi niliona ni kwa sababu tunashinda.

Na tulishinda kweli. Zikapita Jumamosi tukageuza jani moja moja bila kuona kitu. Mama akakata yale majani yaliyoungua, pakachipua mapya, mekundu kwanza kisha kijani, yanang'aa. "Limepona," Vere alisema, akanibusu utosini. Nikalala usingizi mzito siku ile. Runazi walikuwa wameshapotea njia.

Siku ya kumuaga Vere ilipofika nilivalishwa gauni la njano nikavaa bila wasiwasi. Niliona turubai, niliona ng'ombe amechinjwa, niliona yale makoti yameshuka kwenye gari, na sikushtuka. Nilijua hakuna kitakachotokea, maana majani ni safi, nimeyakagua mwenyewe asubuhi. Nilisubiri tu nione wataaibika vipi. Kisha nikapita mbele ya meza kuu, na Bibi Arusi lilikuwa limesimama pale pembeni ya kiti cha dada yangu, limejaa pamba. Jani kwa jani. Nyeupe, nyingi, kuliko siku zote.

Sikufikiri. Nilipiga magoti mbele ya watu wote nikaanza kufuta kwa pindo la gauni langu la njano. Uji wa muhogo ulikuwa bado mbichi, pamba inateleza inanigandia mikononi, nafuta jani hili linanata lile. Watu wakaanza kucheka. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Naona mtoto wa nyumbani anafanya usafi!" wakacheka zaidi. Shangazi yangu akaja mbio akanishika sikio. "We mtoto, una wazimu? Unatuharibia mapambo!" Nikang'ang'ania ndoo. Nilikuwa nalia kwa sauti, nasema, "Wamerudi! Dada, wamerudi wote!"

Kwetu binti anayeagwa hukaa ametulia, ameinamisha uso, na hata akiwashwa na pua hajikuni. Vere aliinuka. Nakumbuka jinsi vicheko vilivyokatika. Akamtoa shangazi mkono kwenye sikio langu, akachuchumaa na gauni lake lote refu, akachukua kidonge kimoja cha pamba akakiweka kwenye kiganja changu.

"Koleta, tazama. Hii ni pamba ya dukani. Haina miguu."

"Lakini inakuita uende! Ya Domitila ilimchukua Domitila."

Akanitazama. Niliona akianza kuzirudia zile Jumamosi zote kichwani, moja baada ya nyingine. "Mdogo wangu," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unafuta ili nisiondoke?"

"Na wewe si ulikuwa hutaki?"

Angeweza kunidanganya, na watu wote wale wangemshukuru, sherehe ingeendelea. Machozi yalikuwa yanaharibu ile poda waliyompaka. "Hapana, Koleta. Mimi nilitaka lipendeze siku ya leo. Nataka kwenda. Nampenda Festo anayenioa, nataka kwenda kwangu." Kisha akanivuta kichwa kifuani. "Na wewe nakupenda, na sijui nitalalaje bila huo mguu wako."

Nilimchukia kwa muda wa kama pumzi moja. Iliniuma, maana nilikuwa peke yangu kwenye vita ile tangu mwanzo, na yule niliyedhani ni askari mwenzangu alikuwa anapanga safari. Lakini alikuwa amenikumbatia, ananuka sabuni ya kuogea na jasho, ananuka Vere, na chuki haikupata pa kukaa. Alipinda ncha ya gauni lake, akafuta jani moja la chini, juu na chini na kwenye kikonyo, kama tulivyokuwa tukifanya, mpaka likawa safi. "Hili lisiwekwe pamba," akamwambia shangazi. "La Koleta hili." Kisha akarudi kwenye kiti, akainamisha uso, na wakamuaga. Picha ya siku ile ipo kwa mama mpaka leo. Ua zima jeupe, na jani moja la kijani chini, na mimi pembeni yake nimenuna.

Kesho yake asubuhi gari la Runazi likamchukua. Mama aliendelea kuazimisha ua kwa wenye harusi, na kila liliporudi mimi ndiye niliyelikagua na kulifuta, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kufuta chini. Zamu yangu ilipofika nami nikaondoka, na mama akanikatia kitawi nikaja nacho hapa Ngara mjini. Ndilo hili lililoota pamba Jumamosi iliyopita. Liliazimwa ofisini kwetu kwa sherehe ya kumuaga mstaafu, na wameniletea nalo wageni.

Nilimpigia Vere simu. Ana wajukuu sasa, na sauti yake ya pili imeingia mikwaruzo. Nilipomwambia akacheka mpaka akakohoa. "Umeangalia chini ya majani? Sisimizi je? Liweke kwenye karai." Akauliza, "Mtoto anakwenda lini bweni?" Nikamwambia Jumatatu. Akasema, "Basi futa tu, mdogo wangu. Ataenda, lakini wewe futa."

Jioni ile tulikaa sakafuni, mimi na binti yangu, na beseni la maji ya sabuni kati yetu. Tranka lake lilikuwa mlangoni, limeshaandikwa jina kwa rangi nyeupe, na godoro limefungwa kamba. Nilimwonyesha vidung'ata, nikamwonyesha walinzi wao, nikamfundisha kusuuza. Anafuta vizuri, ana mikono ya mama mkubwa wake. Mimi ni mtu mzima, nimesoma, najua ni wadudu tu. Tulifika jani la mwisho la chini, nikalifuta juu, nikalifuta chini, nikaingia kwenye kikonyo kwa njiti, nikasuuza, nikalichovyea tena kitambaa.

"Mama," binti yangu akasema, "hilo si limeshatakata?"

Nikamwambia bado.